Laptopu Iliyojaribiwa Lushoto Haijajaribiwa Bado

Laptopu ya mtumba iliyojaribiwa Lushoto mwezi wa Julai haijajaribiwa bado. Nasema hivi nikijua kwamba wauza laptopu wa mji huu ni jirani zangu, baadhi yao tunakunywa chai meza moja, na makala haya hayatawafurahisha. Lakini mimi ni fundi, na mashine zao zikianza kuzima huko tambarare huletwa kwangu, hazirudishwi kwao.

Mambo huenda hivi. Mteja anaingia dukani asubuhi, ukungu haujaondoka Magamba, kila mtu kajifunga sweta. Muuzaji anawasha mashine, anafungua ukurasa mmoja wa intaneti, anapiga video ya wimbo mmoja, kisha anamwambia mteja apitishe kiganja chini ya mashine. "Unaona, mama? Baridi kabisa. Hata feni huisikii." Mama anaridhika, analipa, anapanda gari kurudi kwake Mombo. Ni kilomita zipatazo 33 tu kupitia Soni. Ila Lushoto mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo wako mita mia nne na ushei. Huku kwetu usiku wa Julai joto hushuka kukaribia nyuzi 10. Kule chini mchana wa Februari huvuka 30 bila kumwomba mtu ruhusa. Msimu wa joto ukifika mashine inaanza kuvuma, inakuwa nzito, kisha inajizima katikati ya kazi. Mama anadhani ni virusi. Muuzaji akipigiwa simu anasema ni umeme wa Mombo.

Virusi na umeme wanasingiziwa. Kasoro ilikuwepo siku ile ile pesa ilipohesabiwa, ila baridi ya milima iliifunika.

Biashara hii sasa imeongezeka kwa sababu moja inayojulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, na laptopu nyingi za zamani haziruhusiwi kuingia Windows 11. Watu wengi wameniletea mashine zao niwawekee Linux: walimu, watendaji wa vijiji, wanafunzi wa vyuo vyetu vya hapa mlimani. Nawawekea kwa moyo mweupe. Na Linux si jambo geni nchini, ingawa vijana hudhani imeanza juzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Nazungumzia Linux hapa kwa sababu nyingine, ambayo wengi wanaoitumia hawaijui: inamruhusu mwenye mashine kuona joto la mashine yake, kwa namba, bila kununua chochote na bila kumwomba fundi.

Ndani ya prosesa ya laptopu yoyote ya miaka hii kuna vipima joto vidogo vilivyojengwa kwenye kipande kile kile cha silikoni kinachofanya hesabu. Kwa Intel, kipima joto hiki kina tabia ya ajabu kidogo. Hakisemi "nina nyuzi sitini." Kinasema "nimebakiza nyuzi arobaini na tano kufika ukomo wangu." Kazi ya kutoa hufanywa na Linux: kuna kipande cha programu kiitwacho coretemp, kinachojua ukomo wa prosesa husika, kinatoa, kinakupa jibu. AMD nao wana cha kwao, k10temp. Na kwa kuwa kipima joto cha Intel kimetengenezwa kulinda ukomo, usahihi wake ni mzuri karibu na ukomo na hafifu mashine ikiwa imepoa. Maana yake ile namba nzuri unayoonyeshwa asubuhi ya baridi, mashine haina kazi, ndiyo namba isiyoaminika kuliko zote. Muuzaji hajadanganya, ameonyesha tu mahali ambapo kipima joto chenyewe kinakisia.

Kerneli, yaani moyo wa Linux ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, huziweka namba hizi kwenye mafaili ya kawaida chini ya /sys/class/hwmon. Ukifungua faili moja utakuta tarakimu kavu, tuseme 58000. Ni nyuzi 58, zimeandikwa kwa sehemu za elfu. Watu wengi hawapendi kuchimba mafaili, kwa hiyo kuna kifurushi kiitwacho lm-sensors. Ukishakiweka unaandika neno moja, sensors, na orodha inatoka.

Mezani kwangu ninapoandika haya kuna ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, mali ya mwalimu wa Mlalo. Mstari wa kwanza wa maana unasomeka hivi:

Package id 0: +52.0°C (high = +87.0°C, crit = +105.0°C)

Hiyo 52 ni joto la prosesa nzima kwa sasa. 87 ni pale ambapo mtengenezaji anataka upoaji uwe unafanya kazi kwa nguvu zote. 105 ndio ukomo. Chini yake kuna mstari wa kila kiini cha prosesa peke yake, kisha sehemu ya ThinkPad yenyewe, yenye mzunguko wa feni kwa dakika na safu ya vipima joto vingine vya ubaoni. Baadhi ya hivyo vinaonyesha sifuri, au havionyeshi kitu, na kwenye mashine nyingine utakuta hasi 128. Asijitokeze mtu akasema laptopu imeganda. Hiyo ni nafasi isiyo na kipima joto, mtengenezaji aliiacha tupu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunifuata mbio, "Kaka fundi, mashine yangu ina nyuzi mia moja na ishirini na saba!" Mashine ilikuwa baridi mikononi mwake. Namba isiyobadilika hata ufanye nini, iache ilivyo. Ya kufuatilia ni ile inayopanda ukiipa mashine kazi na kushuka ukiipumzisha.

Windows nayo vipima joto inavyo, na programu za kuvisoma zipo. Tofauti ni kwamba kwenye Linux namba ziko wazi tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu wa kukuuliza unazitakia nini.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe, ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Joto la prosesa peke yake halisemi kitu. Linalosema ni tofauti kati ya joto hilo na joto la chumba. Chukua mfano. Laptopu imepewa kazi nzito robo saa hapa Lushoto, chumba kina nyuzi 16, prosesa imetulia kwenye 78. Muuzaji atasema sabini na nane ni sawa, ukomo ni 105, kuna nafasi tele. Toa 16 kwenye 78: tofauti ni 62. Mashine hiyo hiyo, kazi hiyo hiyo, ipeleke chumba cha Mombo chenye nyuzi 34, na feni iwe ilikuwa tayari imefika mwisho wake. 34 na 62 ni 96. Imeshapita ile 87 ya mtengenezaji, na bado hujaiweka karibu na dirisha lenye jua. Sasa chukua nyingine iliyosafishwa vizuri, tofauti yake iwe 45. Huku juu itasoma 61, kule chini 79. Ukizigusa zote mbili kwa kiganja hapa Lushoto, hutajua ipi ni ipi.

Hesabu hii si kamili, na mafundi wenzangu watanisahihisha nisipojisahihisha mapema. Kama feni ilikuwa bado na akiba ya mwendo, itaongeza kasi kwenye joto na tofauti itapungua kidogo. Kisha kuna suala la hewa. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15 joto likiwa moja. Ndiyo sababu maji yetu huchemka karibu na nyuzi 95 na maharage huchelewa kuiva. Feni ikisukuma ujazo ule ule wa hewa nyepesi inabeba joto pungufu. Kwa hiyo mlima unaiumiza laptopu kidogo kwa hewa yake na kuipendelea sana kwa baridi yake, na baridi ndiyo inayoshinda. Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Miongozo ya ThinkPad nyingi imeandika kwamba mashine itumike kwenye nyuzi 5 hadi 35 mpaka mwinuko wa mita 2,438, na zaidi ya hapo kiwango cha juu cha joto kinashushwa. Lushoto tumo ndani ya mpaka kwa raha. Bati la Mombo mchana wa Februari, bila dari, silitolei ahadi.

Nini hutokea joto likikaribia ukomo? Kwanza prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe. Hapo ndipo mtu analalamika mashine imekuwa nzito, anapelekwa kununua RAM, anafunga RAM mpya, na mashine inabaki nzito vile vile kwa sababu haikuwa na njaa ya RAM. Nimeona wateja wakitozwa hivyo, na inanikera kuliko kitu chochote katika kazi hii. Linux huweka kumbukumbu ya kujipunguzia mwendo huko. Kwenye mashine za Intel kuna faili lenye jina refu la core_throttle_count, linalohesabu mara ngapi prosesa imejipunguzia mwendo kwa ajili ya joto tangu mashine ilipowashwa. Likisoma sifuri baada ya kazi nzito, tafuta ugonjwa kwingine. Likisoma maelfu, RAM iache dukani. Joto likizidi bado, prosesa inajikatia umeme, skrini inakuwa nyeusi, na barua ya mtendaji iliyokuwa haijahifadhiwa inakwenda na maji.

Chanzo chenyewe huwa ni cha aibu kwa udogo wake. Nikifungua mashine za huku nakuta, kati ya feni na mapezi ya shaba ya kutolea joto, kipande kizima kilichoshikamana cha vumbi jekundu la barabara na manyoya ya sweta na blanketi. Mashine zinazokaa nyumba zenye jiko la kuni ndani huwa na utando wa masizi pia, na huo hautoki kwa kupuliza, unahitaji brashi na spiriti. Chini ya bomba la shaba, ule ute wa kijivu unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa umekauka na kupasuka. Ukisafisha na kupaka mpya, tofauti inashuka papo hapo na mteja anaisoma mwenyewe kwenye skrini. Mnaopuliza kwa mashine ya upepo, shikeni feni kwa kidole isizunguke; ikizungushwa kwa nguvu ile itaharibika ekseli yake na mtakuwa mmeua mlichokuja kutibu.

Blanketi linastahili maneno yake. Julai Lushoto watu wanafanya kazi kitandani wamejifunika, na laptopu iko juu ya blanketi. Laptopu nyingi huvuta hewa kutoka chini. Kwa hiyo mwezi wa baridi kuliko yote ndio mwezi ambao baadhi ya mashine za hapa zinachemka kuliko zote. Ubao wa kukatia mboga ukiwekwa chini yake unatosha, hakuna haja ya kununua kitu. Na mnaoshuka na pikipiki kutoka Magamba au Mtae kwenye ukungu, mkiingia ofisi yenye watu na joto, acheni mashine ndani ya begi kwa muda kabla ya kuiwasha. Chuma baridi kikiingia kwenye hewa yenye joto na unyevu hutoa jasho, ndani na nje.

Nimeeleza kusoma kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu wanaokuja kwangu na Linux mpya hawaulizi kusoma. Wanauliza kuamuru. "Fundi, nifundishe kuzima feni." Wameona video ya kijana anayeizungusha na kuisimamisha feni kwa amri moja na wanaitamani hiyo nguvu.

Inawezekana, kwa mashine chache na kwa masharti. Ieleweke kwanza kwamba kwenye laptopu feni haiamriwi na Linux wala Windows. Inaamriwa na kidhibiti kidogo kilicho ubaoni chenye programu yake ya kiwandani, na kinafanya hivyo hata mfumo ukiwa umekwama. Linux inaweza kukiomba kiachie usukani, na baadhi ya watengenezaji wameacha mlango wa kuombea. ThinkPad ndizo maarufu kwa hilo. Kipande kiitwacho thinkpad_acpi huruhusu, lakini mpaka umekiambia waziwazi, kwa kuandika fan_control=1 kwenye mipangilio, kwamba unajua unachofanya. Baada ya hapo feni ina ngazi 0 hadi 7, ina auto, na ina ngazi ya kuachiwa izunguke bila breki. Kwa Dell kuna dell-smm-hwmon, ambayo zamani iliitwa i8k kutokana na Inspiron 8000, mashine ya miaka mingi iliyopita. Jina limebaki kwenye midomo ya wazee wa Linux. Laptopu nyingine nyingi hazina mlango kabisa, na hakuna amri ya mtandaoni itakayoutoboa.

Tena malalamiko mengi ya feni hayahitaji amri yoyote. Laptopu nyingi za ofisi za HP zina kipengele kwenye BIOS kinachoiagiza feni izunguke muda wote mashine ikiwa kwenye umeme. Mteja anaapa mashine inaungua. Sensors inasoma nyuzi arobaini na kitu. Feni inazunguka kwa sababu imeagizwa. Unaingia BIOS, unaondoa alama, kelele inakwisha, na fundi mwenye haya hatozi kwa hilo.

Kwa wenye ThinkPad kuna programu ya thinkfan, inayofuata jedwali uliloandika: joto likifika hapa, ngazi hii, likifika pale, ngazi ile. Programu ni nzuri. Ubaya uko kwenye majedwali ambayo watu wanayanakili. Aliyeliandika anaishi Ulaya, chumba chake kina nyuzi ishirini mwaka mzima, mashine yake haina vumbi la Mlalo. Mtu analichukua hapa Lushoto, linafanya kazi vizuri, feni kimya, anafurahi. Anahamishiwa kazi Tanga mjini. Jedwali halijui kama amehama. Linaendelea kuisubirisha feni kama vile bado yuko kwenye ukungu, na mashine inaishi kwenye nyuzi themanini na ushei mchana kutwa huku mwenyewe akisifu ukimya wake. Ushauri wangu kwa msomaji wa kawaida ni kuiacha feni kwenye auto. Wahandisi wa kiwanda walipima joto kwenye maabara. Aliyeandika jedwali la mtandaoni alipima uvumilivu wake kwa kelele.

Mtu mmoja tu hapa mjini namruhusu bila kinyongo, kijana anayerekodi kwaya. Anaweka laptopu na vinasa sauti kwenye chumba kimoja, na feni ikipanda wakati sauti ya kwanza imeshuka, rekodi imeharibika. Anachofanya ni hiki: anaacha mashine ipoe, anasoma namba, anaishusha feni ngazi ya 1 au 2 kwa muda wa wimbo, na kabla ya hapo ameweka mlinzi. Hiyo ni saa ya ndani ya thinkpad_acpi, inayoweza kupangwa hadi sekunde 120. Muda ukipita bila amri mpya, feni inarudishwa auto yenyewe. Wimbo mrefu anatuma amri tena katikati. Akisahau, mlinzi anafanya kazi yake. Huyo anajua kwa nini anaamuru, anaamuru kwa dakika chache, na anajua nani atachukua usukani yeye akizimia. Wanaotaka ngazi ya 0 ili tu wasisikie feni wakiangalia mpira, mimi siwafundishi.

Nirudi kwa wauzaji. Wilaya hii inajua maana ya kuuza bila kupima. Wakulima wa Lukozi na Mtae wamelia na lumbesa miaka nenda miaka rudi: gunia la viazi linavimbishwa kichwa hadi linakaribia kuwa gunia na nusu, na bei ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanapita, wanakemea, sheria ipo, na sisi sote tunakubali kwamba mizani ndiyo haki. Mkulima huyo huyo, akishauza viazi vyake, anaingia duka la laptopu na kununua kitu cha mamia ya maelfu kwa kupapasa na kiganja. Mizani iko ndani ya mashine yenyewe, ya bure, na hakuna anayeiuliza.

Ninachodai ni kidogo. Kwenye risiti ya kila laptopu ya mtumba ziandikwe namba tatu: joto la chumba siku ya mauzo, joto la juu kabisa la prosesa baada ya robo saa ya kazi nzito, na mzunguko wa feni wakati huo kama mashine inauonyesha. Mnunuzi atafanya hesabu ya kutoa mwenyewe, kwa chumba cha kwao, awe Mombo, Tanga au Same. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Sihitaji kanuni mpya isubiriwe, nahitaji kalamu. Na wakuu wa shule mnaopokea laptopu zilizotumika, za msaada au za kununua, dai lenu liwe hilo hilo kabla ya kusaini hati ya mapokezi. Kupiga picha ya pamoja na maboksi kunaweza kusubiri robo saa.

Baadhi ya wauzaji wameniambia kipimo hicho kitawapotezea muda, na kwamba mteja atachomeka flashi yake na kuwaharibia mashine. La muda nalikubali: ni robo saa. La flashi si kweli. Linux ikiwashwa kutoka kwenye flashi haigusi diski ya ndani mpaka uiambie isakinishwe. Ukitoa flashi, mashine inabaki ilivyokuwa.

Kwa mnunuzi, kazi yenyewe ni hii. Tafuta kijana akuandalie flashi yenye Ubuntu au Linux Mint. Nunua duka la pembejeo kipima joto cha ukutani, kile wanachotumia wafugaji wa vifaranga. Ni cha bei ndogo na kinatosha. Dukani washa laptopu kutoka kwenye flashi, iwe imechomekwa kwenye umeme, fungua terminali. Kama sensors haimo na hakuna intaneti, andika cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp, nayo itakupa joto kwa sehemu za elfu, bila kusakinisha kitu. Kisha ipe kazi: andika yes > /dev/null & na urudie mstari huo mara nyingi sawa na viini vya prosesa. Programu ya yes haina kazi nyingine duniani ila kuandika herufi y bila kuchoka, na hiyo inatosha kuichosha prosesa yoyote. Ongea na muuzaji, ulizia watoto, kunywa chai. Robo saa ikipita soma joto tena, soma kipima joto cha ukutani, toa. Ukimaliza andika killall yes, uangalie kama joto linashuka upesi au linasitasita.

Tofauti ikizidi nyuzi 60, mimi singelipa bei kamili. Ningeomba isafishwe na kupakwa ute mpya mbele yangu, ipimwe upya, ndipo tuzungumze pesa. Na muuzaji akikwambia hana robo saa ya kukupa, mwachie mashine yake.